Maswali ya Wasomaji: Mbona waamuzi hutazamana kwanza?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafuatilia NFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani. Pasi ndefu ikidakwa karibu na mstari wa pembeni, waamuzi wawili huikimbilia, wakatazamana, ndipo watoe ishara. Naona kama wanabahatisha. Na yule refa wa kofia nyeupe, mkuu wa waamuzi, hata hageuki kuangalia! Kwa nini?

JIBU: Marahaba. Hawabahatishi hata kidogo. Kule kutazamana ndiko ninakokupenda kuliko yote katika kazi hii ninayoifundisha.

Nianze na kofia nyeupe. Mpira ukishamtoka mrushaji, refa hubaki na mrushaji. Walinzi wanamjia kwa kasi, na refa akigeuza shingo kuufuata mpira, kipigo cha kuchelewa, yaani baada ya mpira kumtoka, kitapita bila shahidi. Mara nyingi anajua pasi imefika kwa kelele za mashabiki tu.

Wako saba. Mmoja yuko nyuma pamoja na refa, upande wa pili wa mrushaji. NFL ilimhamishia huko mwaka 2010, kwani awali alisimama katikati ya walinzi akigongwa mno. Wawili wako kwenye ncha za mstari wa kuanzia. Watatu wako mbali, yadi 20 hadi 25, wawili pembeni na mmoja katikati.

Hapa ndipo penye kazi. Kabla mpira haujachezwa, kila mmoja wa hao watatu anajua mpokeaji wake ni yupi. Mpira hautazami. Anamtazama mtu wake, kama anavutwa jezi au kusukumwa baada ya yadi 5. Wachezaji wakitawanyika, anamwachia mtu na kushika eneo. Pasi ikiwa hewani ndipo anatafuta itakapotua. Waamuzi wachanga huharibu hapa hapa: wanaukimbilia mpira mapema, na rafu inafanyika mgongoni mwao.

Sasa pembeni. Aliye kwenye mstari anaangalia miguu, maana NFL inataka nyayo zote mbili ziguse ndani. Kwa vyuo vikuu mmoja unatosha. Lakini mpokeaji akimpa mgongo, mpira hauonekani. Mwenzake anayetokea katikati ndiye anayeona mikono, na kama mpira uligusa nyasi. Kila mmoja ana nusu ya jibu, kwa hiyo macho kwanza, ishara baadaye.

Tarehe 24 Septemba 2012, timu ya Seattle ikicheza na ya Green Bay, waliochezesha ni waamuzi wa muda walioletwa kwa sababu ya mgogoro wa kazi. Pasi ya mwisho ikaangukia kwenye rundo la wachezaji. Waamuzi wawili wakasimama bega kwa bega: mmoja akainua mikono kuashiria tachidauni, yaani bao, mwenziwe akapunga yake juu kusimamisha saa tu, bila kutoa bao. Seattle wakapewa mechi, 14-12. Nafasi ya kutazamana walikuwa nayo.

Na ukiona kibendera cha njano, kile cha kuashiria kosa, kimechelewa baada ya mrushaji kuutupa mpira ovyo ili asiangushwe, usikasirike. Refa alikuwa anamlinda mrushaji. Anangoja mwenzake wa mstarini amwambie kama kulikuwa na mpokeaji karibu na mpira ulipotua.