Jirani Hatumwoni, Tunanusa Moshi Wake

Tangu niandike hapa kuhusu Habitable Worlds Observatory, darubini ambayo NASA inaisanifu kwa ajili ya kutafuta uhai kwenye sayari za nyota nyingine, maswali yamemiminika. Nimechagua sita. Wale mnaoniuliza kama dunia ni bapa, nipeni mapumziko mwezi huu.

Shikamoo mwalimu. Hiyo darubini itatuonyesha viumbe wenyewe wakitembea? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro)

Marahaba. Hapana, wala miji, wala mito. Hata kwa kioo cha mita 6 na zaidi, sayari nzima itaonekana kama nukta moja. Utamu uko kwenye kuichambua hiyo nukta. Mwanga wake unatawanywa katika rangi zake, kama matone ya mvua yanavyoufanyia mwanga wa jua ukapata upinde, na kila gesi iliyomo kwenye angahewa ya sayari hula rangi zake maalumu na kuacha mapengo. Mvuke wa maji una mapengo yake, oksijeni yake, methani yake. Ni kama kupita uchochoroni saa moja jioni: jikoni kwa watu huoni, lakini unajua nyumba gani wanakaanga samaki.

Oksijeni peke yake haitoshi, maana mionzi ya nyota ikivunjavunja mvuke wa maji inaweza kuiacha bila msaada wa kiumbe yeyote. Lakini ukiikuta pamoja na methani, kaa chini. Hizo mbili huangamizana, kwa hiyo zikiwepo zote ujue kuna kitu kinazizalisha upya bila kupumzika. Hapa kwetu kazi hiyo inafanywa na majani, vijidudu vya matopeni na matumbo ya ng'ombe.

Darubini ya NASA iitwayo Webb ipo angani na kioo chake cha mita 6.5. Hii nyingine ya nini, kama si ulafi? (Msomaji, Mombasa)

Swali zuri, ingawa ulafi umeuingiza kwa hila. Nenda ufukweni usiku usio na mbalamwezi, uziangalie mashua za dagaa na taa zao kali. Jaribu kumwona mvuvi aliyekaa kando ya taa akivuta sigara. Huwezi. Sasa nyoosha mkono, ziba taa kwa kidole gumba: umbo la mtu linajitokeza, na cheche ya sigara unaiona.

Dunia yetu, ukiitazama kutoka kwenye nyota nyingine, imefifia mara bilioni 10 kuliko jua lake, na imejibanza ubavuni mwa jua hilohilo. Kifaa kinachofanya kazi ya kidole gumba kinaitwa koronagrafu. Webb inazo, ila zinaweza kutenga majitu ya sayari yenye joto yaliyo mbali na nyota zao. Mtoto mdogo kama Dunia kando ya jua kama letu hawamwoni. Kwa sayari ndogo, Webb husubiri ipite mbele ya nyota yake, na hilo linafaa zaidi kwa vinyota vidogo vyekundu kama TRAPPIST-1, chenye sayari saba, umbali wa miaka ya nuru 40 hivi.

Ndiyo maana ukubwa wa kioo ni nusu tu ya habari. Kioo kipana kinakusanya mwanga wa kutosha kutoka kwenye nukta dhaifu, na kinaitenganisha nukta na nyota yake. Nusu ya pili ni utulivu. Ili kidole gumba kisiteleze, vioo havitakiwi kusogea zaidi ya pikomita chache. Pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita, ndogo kuliko atomu. Mimi hapo ndipo ninapovua kofia. Darubini iitwayo Nancy Grace Roman, yenye kioo cha mita 2.4, imetengenezewa koronagrafu ya majaribio ili mafundi wajifunze kwanza.

Wanasayansi wa Marekani walioipendekeza hii darubini yetu ya kutafuta uhai mwaka 2021 walitaka ichunguze sayari 25 hivi zinazoweza kukalika. Ukikuta tano tu kimya hujajua kitu. Ukikuta zote 25 kimya, angalau umejua kwamba uhai si wa kuokota njiani.

Kwa nini wasiijenge juu ya Kilimanjaro? Ni juu sana na tuko karibu na ikweta. (Msomaji, Moshi)

Unatafuta oksijeni na mvuke wa maji huku ukichungulia kupitia oksijeni na mvuke wa maji wa kwako mwenyewe. Kilele cha mita 5,895 hakikutoi humo. Darubini za ardhini zina kazi yake, na ile ya mita 39 inayojengwa Chile itagusa baadhi ya sayari za jirani. Lakini hewa inatikisa picha, na sehemu kubwa ya mwanga wa urujuanimno inazuiwa kabisa.

Kioo cha mita 6.5 kiliingiaje kwenye roketi? Na kikiharibika? (Fundi, Tanga)

Kilikunjwa. Kichwa cha roketi ya Ariane 5 kina upana wa ndani usiofika mita 5, kwa hiyo Webb ilitengenezewa vipande 18 vya pembe sita, vya metali ya berili iliyopakwa dhahabu, pamoja na kinga ya jua ya tabaka tano, kubwa kama uwanja wa tenisi. Iliruka tarehe 25 Desemba 2021, ikafunguka njiani. Mahali 344 palihesabiwa ambapo hitilafu moja ingeweza kuizamisha kazi nzima ya dola bilioni 10. Wewe fundi, fikiria mwavuli ambao ukikwama hakuna wa kuugonga, maana makao yake ni kilomita milioni 1.5 kutoka hapa.

Kioo cha darubini nyingine ya angani, Hubble, kilisuguliwa vibaya kwa takriban sehemu mbili za elfu ya milimita pembeni, kikatoa picha zenye ukungu tangu 1990. Ilikuwa karibu, wanaanga wakaenda kuirekebisha Desemba 1993. Hii mpya inasanifiwa ili roboti ziweze kuifuata hukohuko na kubadilisha vifaa. Bila hilo, mimi nisingetoa senti. Kuruka kwake kunatarajiwa miaka ya 2040.

Si walishapata uhai tayari? (Msomaji, Kigoma)

Hapana. Aprili 2025 watafiti wa Cambridge walitangaza dalili za gesi ambayo hapa duniani hutolewa na viumbe wa baharini, kwenye sayari K2-18b. Wengine wakarudia hesabu kwa data zilezile, wakaona ishara ni dhaifu mno.

Haya yote ni ya Wazungu. Sisi tumo wapi? (Msomaji, Arusha)

Ukifika Malindi, endelea kaskazini hadi Ngomeni, utazame baharini. Kuna jukwaa la chuma, San Marco, walilolisimamisha Waitaliano. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, hapo iliruka satelaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza anga kwa eksirei, mionzi ambayo hewa yetu haiipitishi. Hapo ikweta ni jirani, na mzunguko wa dunia huisukuma roketi bure kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Sababu hiyohiyo iliipeleka Webb kurukia Kourou, Guyana ya Kifaransa, Amerika Kusini. Mkuu wa mradi, Marjorie Townsend wa NASA, aliipa jina Uhuru. Ilikuwa na kilo 140 hivi, gunia moja la lumbesa, na iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei angani.