Je, Mdogo Wangu Anatumia Unga?

SWALI: Mdogo wangu wa kiume ana umri wa miaka 23 na ni kondakta wa daladala. Amekonda, husinzia hata sahani ya chakula ikiwa mbele yake, na asubuhi nyingine huamka akitokwa na makamasi, akipiga miayo na kulalamikia tumbo na mifupa. Mama anasema ni malaria, ingawa amepimwa mara kadhaa na hakukutwa nayo. Nimemtazama mikono nisione alama ya sindano. Mwezi uliopita mtungi wa gesi ulitoweka. Mjomba anataka tumfungie chumbani mpaka arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, imwishe. Tufanye nini? (Dada, Mbagala, Dar es Salaam)

JIBU: Dada yangu, kukonda peke yake hakuthibitishi lolote, kwani hata kifua kikuu na kisukari hukondesha, na kondakta anayeamka saa kumi alfajiri ana haki ya kusinzia. Kilichonishtua katika barua yako ni kule kupokezana kwa hali mbili. Aliyetoka kuvuta heroini, ndiyo huo unga, huinamisha kichwa kwa usingizi, huzungumza polepole, hujikuna pua na uso, na mboni za macho yake huwa ndogo mno hata penye giza. Saa kadhaa baadaye, unga unapokwisha mwilini, mambo hugeuka: mboni hupanuka, pua na macho hutiririka, vinyweleo husimama, tumbo huendesha na viungo huuma. Basi angalia jambo moja. Iwapo anatoka nyumbani akiwa hoi na kurejea muda mfupi baadaye akiwa mtulivu, bila kumeza kidonge chochote, hiyo si malaria.

Kutoona alama za sindano kusikupe faraja. Watumiaji wengi wa Dar es Salaam huanza kwa kuvuta kokteli, yaani unga uliochanganywa na bangi katika sigara, na wengine hukaa miaka bila kugusa bomba la sindano. Vifungashio vidogo vya kete, yaani dozi ndogo za unga, karatasi ya foili iliyoungua au kijiko cheusi kwa moshi ni ushahidi, lakini sikushauri umpekue mifukoni, kwa sababu utakachokipata hakitafidia imani utakayoipoteza. Kuhusu mtungi, wizi wa nyumbani mara nyingi huja pale ambapo kipato hakitoshi tena. Huenda tajiri wa gari naye ameanza kulalamika kwamba hesabu haitimii.

Ushauri wa mjomba ni wa hatari. Kutapika na kuhara kwa arosto humkausha mtu maji, na hatari kubwa zaidi huja baadaye, kwa kuwa mwili uliokaa siku chache bila unga hupoteza uzoefu wake, na kipimo kilekile cha zamani kinaweza kumkatisha pumzi. Zungumza naye wakati hasinzii wala hana arosto, umweleze ulichokiona bila kumwita teja. Kisha muulizie huduma ya methadoni katika Hospitali ya Temeke, iliyo jirani nanyi. Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na Mwananyamala ikafuata. Ni dawa ya maji, hutolewa bure na kunywewa kila siku mbele ya mhudumu, nayo huzuia arosto kwa takriban siku nzima. Matibabu huchukua miezi, mara nyingi miaka, na mjomba huenda akadai kwamba kijana amebadilishiwa kilevi tu. Ukweli ni kwamba mtu aliyepatiwa kipimo sahihi huweza kufanya kazi, ingawa itabidi apange na tajiri wake saa za kwenda kunywa dawa.

Mkimkuta amelala haamki, anakoroma kwa shida na midomo imegeuka rangi, mlazeni kwa ubavu, mkimbizeni hospitali mara moja, na mwambieni daktari waziwazi kwamba mnashuku unga, ili apewe naloksoni, dawa inayozima nguvu ya unga mwilini, bila kuchelewa.