Jibu: uvimbe mweusi kwenye ufizi wa mtoto mchanga
Ndugu, umeuliza kama uvimbe wa bluu-nyeusi unaokua haraka kwenye ufizi wa juu wa mtoto wa miezi minne ni saratani. Mojawapo ya yanayopaswa kuchunguzwa ni uvimbe adimu wenye melanini (rangi nyeusi ya asili ya mwili), ulioelezwa na daktari Krompecher mwaka 1918, ambao mara nyingi si saratani ingawa hula mfupa wa taya na kusukuma vijino vilivyomo (tafadhali, asipelekwe kwa wanaong'oa "meno ya plastiki", yaani vijino vichanga vya mtoto vinavyodhaniwa kuwa ugonjwa). Picha ya CT (eksirei ya kompyuta) huonyesha mipaka yake, lakini kinachothibitisha ni kipande kidogo cha uvimbe kinachokatwa na kupimwa kwa hadubini, ambapo huonekana seli kubwa zenye rangi pamoja na seli ndogo za mviringo. Tiba ni upasuaji wa kuuondoa wote. Kwa kuwa hurudi kwa baadhi ya watoto, hasa katika miezi ya mwanzo, kliniki za ufuatiliaji zisikatishwe.