Shangazi, kwa nini ni pasha kila siku?

Swali: Shikamoo Shangazi. Mume wangu ananicheka nikililia filamu za Kimisri. Eti kila siku ni pasha (bwana tajiri mwenye cheo huko Misri), maskini, ndoa imekwama, basi. (Msomaji, Magomeni)

Jibu: Marahaba mwanangu. Mkalishe atazame ile filamu ya mwongozaji Youssef Chahine ya 1954. Omar Sharif, akiigiza mhandisi, anawasaidia wanakijiji kupata miwa mizuri kuliko ya pasha. Pasha, roho ya korosho ile, anayafungulia maji mashamba yao yazame. Na anayempenda kijana ni binti wa pasha huyo huyo, akiigizwa na Faten Hamama! Vyeo vya pasha vilifutwa 1952, kwa hiyo watazamaji walijua anayesemwa. Waigizaji hao wawili wakaoana kweli 1955. Mimi nililia mpaka wali ukaungua. Mzee wangu alikula ukoko, kimya.