Daktari wa Mifugo Anajibu: Jike wangu ametupa mimba

SWALI: Shikamoo daktari. Nguruwe wangu jike ametupa mimba. Vitoto vitatu vimetoka vyeusi, vimekauka kama makopa. Kijana aliyesomea mifugo anasema huenda ni kirusi kipya, serkovirusi namba 3. Nipime vipi?
Mfugaji, Ndanda, Masasi

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kijana hajakosea. Serkovirusi 3 iliripotiwa Marekani mwaka 2016, ikiwemo kwa majike waliotupa mimba. Iligunduliwa kwa kusoma vinasaba vyote vilivyomo kwenye sampuli. PCR, kipimo cha maabara cha kusaka vinasaba vya kirusi, haifanyi hivyo. Hutafuta kile tu ulichoagiza, mengine yanapita usiyaone.

Ila kirusi hichohicho kimekutwa pia kwa nguruwe wazima, wanaokula na kunenepa. Kwa hiyo ukiambiwa "kipo", bado hujajua kama ndicho kilichoua vitoto. Ndiyo maana nataka sampuli za jike huyo na za wenzake wasioumwa. Tena mimi nikiona vitoto vilivyokauka huwaza kwanza pavovirusi, ambayo ni ya siku nyingi na hupenda majike wa mimba ya kwanza. Omba ipimwe pia.

Vitoto usivifukie. Vaa glavu, maana baadhi ya magonjwa ya kutupa mimba humpata na binadamu. Vifunge kwenye mifuko miwili ya nailoni, weka kwenye kibaridi chenye barafu, umwone ofisa mifugo wa kata, kisha vifike siku hiyohiyo kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari, Mtwara.

Kwa walio hai kuna njia ya kuchukua sampuli ninayoipenda mno. Ning'iniza bandani kamba ya pamba isiyotiwa rangi, usawa wa mabega yao. Wataitafuna wenyewe. Baada ya nusu saa ivishe mfuko safi, ikamue, mate yajikusanye kwenye pembe ya mfuko, uyamimine kwenye kichupa. Hakuna kumkaba mnyama wala makelele.

Ukiona homa kali, masikio kuwa mekundu au zambarau, na vifo vya ghafla, acha yote hayo. Hiyo huenda ni homa ya nguruwe ya Afrika, haina dawa. Toa taarifa siku hiyohiyo, usichinje, usiuze nyama.

Na lile dume mnaloazimana kijijini, lisitoke bandani mpaka majibu yarudi.