Kitufe cha "=" kwenye HP-35 hakijang'oka

Ndugu, umeuliza kitufe cha "=" kiko wapi kwenye HP-35 yako, kile kikokotoo cha mkononi cha Hewlett-Packard. Kikokotoo chako si kibovu. HP-35 ya mwaka 1972 haikuwekewa "=" tangu kiwandani. Namba zinatangulia, alama ya hesabu inakuja mwisho. Ukitaka 3 jumlisha 4, bonyeza 3, kisha ENTER (kile kitufe kipana), kisha 4, halafu +. 7 inatokea papo hapo.

Raha yake utaiona kwenye (3+4)×(5+6): 3 ENTER 4 +, 5 ENTER 6 +, halafu ×. Unapata 77 bila mabano wala karatasi ya kuandikia majibu ya kati, kwa sababu ndani mna nafasi nne zilizopangana, na ile 7 inasubiri humo hadi uihitaji. Ukishazoea, vikokotoo vingine vitakuchosha.

Ila angalia kitufe cha kipeo. Hiki ni xʸ, si yˣ kama matoleo ya baadaye, kwa hiyo kipeo ndicho kinaingia kwanza. Kwa 2 kipeo cha 3 unabonyeza 3 ENTER 2, ndipo xʸ.

Na kama unataka kujua kama chako ni cha mwanzo kabisa, andika 2.02, bonyeza ln (logi asilia), halafu eˣ, ambacho hutengua ln. Inatakiwa irudi 2.02. Vile vya mwanzo vinaleta 2 tupu, kosa lililokuwa kwenye programu yake. Kikileta hivyo, tafadhali usikibadilishe chochote ndani, kitunze kilivyo.