Kabla hujafunga unyoya, yajue maji

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Nanyuki aliniandikia: "Dada, nimeshazoea kufunga flai za trauti, na sasa nimepata mteja wa Diani, baharini. Nitumie vitu vilevile?" Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Flai anazozisema ni chambo bandia cha manyoya na nyuzi kinachofungwa kwenye ndoana, kuvulia samaki kama trauti wa mitoni. Swali hilo mimi sikumwuliza mtu, na kutouliza kulinipotezea dazeni 20 na mteja wangu wa kwanza.

Kazi hii niliijulia kwenye karakana moja nje ya Nairobi. Tulikuwa wanawake wengi, tumeketi kwenye mabenchi marefu, kila mmoja na jiliwa lake la kubania ndoana, tukifunga flai za kwenda Ulaya na Marekani kwa malipo ya dazeni. Miaka sita nilifunga flai iitwayo Coachman, kwenye ndoana za saizi 12 na 14: mwili wa nyuzi za unyoya wa tausi, bawa jeupe, na unyoya wa jogoo mwekundu uliozungushwa shingoni. Ndoana na manyoya vililetwa mezani vikiwa vimeshachaguliwa. Siku niliyouliza kwa nini ndoana hii na si ile, msimamizi alinijibu mbele ya wenzangu kwamba silipwi kwa kuuliza. Nilinyamaza. Hadi leo nikikumbuka naumia, kwa sababu jibu lake lingechukua dakika moja tu.

Nilipoacha kazi nikaanza kufunga zangu nyumbani, nahodha mmoja wa Watamu, pwani, aliniagiza dazeni 20 za Clouser Minnow, flai ya nywele inayofanana na samaki mdogo, nyeupe na kijani. Nilizifunga usiku na mchana. Zilikuwa safi, kila moja sawa na mwenzake, na nilijivunia. Lakini ndoana nilizotumia zilikuwa zile za rangi ya shaba nilizozijua tangu karakana, za kuvulia trauti, ila kubwa zaidi. Majuma mawili baadaye akanitumia picha. Kutu ilikuwa imetoka kwenye ndoana ikapanda hadi kwenye nywele nyeupe, na kolekole wa kwanza aliyezimeza alikuwa ameinyoosha ndoana kama pini ya nywele. Nikamrudishia pesa zake zote. Hakuniagiza tena.

Kwa hiyo, dada yangu wa Nanyuki, anza na ndoana. Ile ya rangi ya shaba ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi nyembamba. Mtoni inatosha, baharini haimalizi wiki. Kwa chumvi tafuta ndoana ya chuma kisichoshika kutu, au iliyopakwa bati, na iwe nene. Usimwamini muuzaji, hata akiapa. Mimi nachukua lita moja ya maji, natia gramu 35 za chumvi, ambao ndio uchumvi wa bahari, naloweka ndoana mbili usiku kucha, kisha naziacha zikauke juani. Narudia siku tatu. Tangu nianze kufanya hivyo hakuna mteja aliyenirudishia flai kwa kutu, na nalisema hilo kwa fahari.

Manyoya nayo yana mambo yake. Flai ya kuelea juu ya maji inataka unyoya wa shingo ya jogoo wenye nyuzi ngumu zinazong'aa, kwa sababu ndizo zinazoibeba juu ya maji. Majogoo wa namna hiyo hufugwa Marekani kwa kazi hiyo tu, na shingo moja ni ghali. Jogoo wetu wa kienyeji ana nyuzi laini zinazonyonya maji, na kwa miaka mingi niliambiwa hafai. Si kweli. Anafaa sana kwa flai za kuzama, na manyoya yake marefu ya mgongoni yanafaa kwa mkia wa Deceiver, flai ya baharini iliyobuniwa na mvuvi Mmarekani Lefty Kreh. Yaoshe kwa sabuni mpaka mafuta yatoke, yaanike kivulini, kisha yafunge kwenye mfuko usioingiza hewa, la sivyo nondo watakula mtaji wako. Unyoya wenye mafuta haushiki rangi hata ukiuchemsha na siki.

Lipo hata jambo la marabu. Yale manyoya mepesi tunayoyaita marabu siku hizi hutoka kwa bata mzinga, ingawa jina lilitoka kwa korongo. Kijana mmoja aliwahi kuniletea mfuko wa manyoya aliyoyaokota chini ya migunga ya Barabara ya Mombasa, Nairobi, wanakokaa wale korongo wakubwa. Nilimwambia ayarudishe alikoyatoa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki sehemu yoyote ya mnyama wa porini bila kibali, na hilo linagusa pia nywele za mbega ambazo wengine wanazinong'oneza. Kuku, bata, mbuzi na bata mzinga wanatosha. Ila baharini marabu iwe fupi: ikiwa ndefu huweza kuzunguka ndoana.

Baharini nyuzi bandia zinashinda, kwa sababu hazinywi maji, hivyo flai haiongezeki uzito na mvuvi anairusha hata upepo wa kusi ukivuma. Kwa majaribio nimetumia nywele za kusukia za dukani, zikapita mtihani wangu wa chumvi. Meno ya mzia huzikata, lakini meno ya mzia hukata kila kitu.

Kuhusu uzito, kwa trauti wa Gura, mto uliopandikizwa trauti wa kwanza wa Kenya mwaka 1905, natia kichwani shanga ya tangsteni, metali nzito sana. Kwa ukubwa uleule ina uzito wa karibu mara 1.7 ya risasi, ile metali laini, kwa hiyo flai ndogo inafika chini upesi kabla mkondo haujaichukua. Baharini nafunga vipande viwili vya risasi vilivyo kama macho, upande wa juu wa ndoana. Uzito huo unaigeuza ndoana, ncha inatazama juu, na flai inapita kwenye matumbawe bila kunasa. Ndivyo ilivyo Clouser Minnow. Bob Clouser aliibuni miaka ya 1980 kwa samaki wa Mto Susquehanna huko Pennsylvania, maji baridi kabisa, kisha wavuvi wakaipeleka baharini. Umbo halikubadilika. Kilichobadilika ni ndoana, na ndicho kitu pekee ambacho mimi sikubadilisha.

Wenzangu tuliotoka kwenye mabenchi yale tukitaka wateja wetu wenyewe, tuache kufunga kwa mazoea. Vidole vyetu vinajua kazi kuliko vya wengi wanaotununua, lakini hatuwezi kuendelea kungoja mtu atuchagulie ndoana. Tuulize. Tukikaripiwa, tuulize tena kwa mwingine.

Dada wa Nanyuki, usimpelekee mteja wa Diani dazeni hata moja bado. Funga tatu tu, ziloweke kwenye chumvi usiku tatu, kisha nitumie picha ya ndoana karibu na jicho lake, lile tundu la kufungia mshipi, pale uzi unapoishia. Kutu huanzia hapo.